Shajara ya Mradi: Kupeleka Picha Bila Waya katika Nyumba ya Mawe, Mkunazini

Jumamosi, 6 Januari 2024

Leo nimeianza rasmi kazi ambayo ami yangu amekuwa akinikumbusha tangu Novemba. Naiandikia shajara kwa sababu nimeshafanya kazi mbili za namna hii bila kuandika chochote, na zote mbili nililazimika kuanza upya pale wenye nyumba waliponiita kwa marekebisho. Nyumba hii ni ya zamani, iko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na vyumba vyake vyote vimeuzunguka ua mdogo ulio wazi juu. Dishi limefungwa kwenye paa, na king'amuzi kimo katika chumba cha ghorofa ya pili ambamo wajukuu hutazama televisheni. Ami mwenyewe magoti yamemkataza ngazi, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe kila aliyezipanda anajua zilivyosimama. Kwa hiyo amehamia chumba cha chini, na televisheni yake mpya ya inchi 43 imekaa juu ya kabati haina cha kuonesha.

Ombi lake ni jepesi kulieleza. Anataka picha ileile inayotoka kwenye king'amuzi cha juu, kwa ubora uleule, pamoja na uwezo wa kubadilisha chaneli akiwa kitandani, na hataki ukuta utobolewe. Kuhusu ukuta hakuna la kujadiliana naye. Nilipomwambia kwamba tundu la waya halizidi unene wa kidole, alinijibu, "Mwanangu, tundu la kwanza la waya, la pili la maji." Siwezi kumbishia, maana kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zinavuta unyevu, na kila mahali palipotobolewa kisha pakazibwa kwa saruji pameacha doa la chumvi.

Fundi atakayesoma haya ataniuliza kwa nini nisiteremshe waya wa dishi kupitia uani na kuweka king'amuzi cha pili chini. King'amuzi cha pili kina malipo yake ya kila mwezi, ambayo ami hayataki, na kukihamisha kilichopo ni kuwanyima wajukuu. Njia ya waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti kutoka king'amuzi hadi televisheni, nayo nimeipima kwa kamba: kutoka king'amuzi hadi televisheni ya chini, kwa kufuata ngazi na pembe zote, ni mita 23. Waya wa shaba wa kawaida hunitia mashaka hata kabla ya mita 10 unapobeba picha kamili. Zipo nyaya za HDMI zenye nyuzi za kioo zinazofika mbali zaidi ya hapo, lakini waya huo ungepita kila mlango na kukanyagwa na kila mtu wa nyumba hii.

Vipimo vya leo ni hivi. Ukuta wa chumba cha ami unaotazama ua, nilioupimia kwenye kizingiti cha mlango, una unene wa sentimita 58. Ukuta wa upande wa ngazi, ambao uliwahi kukarabatiwa, una sentimita 41. Upana wa chumba ni mita 3.1, na haungeweza kuzidi sana hapo, kwa sababu katika nyumba hizi urefu wa boriti za mikoko ndio unaoamua upana wa chumba. Kutoka king'amuzi hadi televisheni, kama ndege angeweza kupita katikati ya mawe, ni mita 11.

Jumapili, 7 Januari

Kabla ya kununua kitu nimekaa na kalamu. Picha kamili ya ubora wa juu ina pikseli, yaani nukta, 1920 kwa 1080. Kila pikseli inahitaji biti 24 (tarakimu za sifuri au moja) za rangi, na picha nzima huandikwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha vyote unapata karibu gigabiti 3 kwa sekunde, yaani megabiti 3,000, na sauti bado hujaihesabu. Wi-Fi ya nyumba hii, ambayo kisanduku chake kiko juu vilevile, leo imenipa megabiti 38 kwa sekunde nilipokaa kitandani kwa ami. Mzigo ni karibu mara 80 ya njia iliyopo.

Linalonishangaza kila ninapolifikiria jambo hili ni kwamba kituo cha televisheni chenyewe hakirushi gigabiti 3. Picha inaposhuka kutoka kwenye setilaiti, iliyoko juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 36,000 hivi, imebanwa ikabaki megabiti chache tu kwa sekunde. King'amuzi ndicho kinachoikunjua na kuitoa kwenye tundu la HDMI ikiwa na unene wake wote. Sisi basi tunataka kusafirisha mzigo uliokwisha kufunguliwa, kama mtu aliyepokea robota la mitumba bandarini, akalifungua palepale, kisha akataka kuzifikisha nguo sokoni Darajani mojamoja mkononi.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuibana picha kwa mara ya pili, kuipitisha kwenye mawimbi ya kawaida ya Wi-Fi, na kuikunjua tena upande wa pili. Ndivyo inavyofanya Miracast, njia ya kurusha picha ya simu au kompyuta kwenye televisheni, ambayo muungano wa Wi-Fi Alliance ulianza kuithibitishia vifaa mwaka 2012, na ndivyo vinavyofanya visanduku vingi vya bei nafuu vinavyouzwa leo kwa jina la HDMI isiyo na waya. Njia ya pili ni kutoibana kabisa na kutafuta barabara pana ya kuipitisha jinsi ilivyo. Walioishika njia hii waligawanyika makundi mawili. WirelessHD, ambayo maelezo yake ya kwanza ya kiufundi yalitolewa Januari 2008 na kutegemea chipu za kampuni ya SiBEAM, ilikwenda kwenye masafa ya gigahezi 60, yaani mawimbi yanayotetema mara bilioni 60 kwa sekunde, ambako nafasi ni kubwa mno. WHDI, ambayo maelezo yake yalikamilika Desemba 2009 na kutegemea chipu za kampuni ya Amimon, ilibaki karibu na gigahezi 5, ambako nafasi ni finyu lakini mawimbi yana ustahimilivu mbele ya kuta. Majina makubwa, Sony na Samsung wakiwemo, yalikuwa katika makundi yote mawili, jambo ambalo kwangu ni dalili kwamba hata wao hawakujua nani atashinda.

Aliyeshinda sokoni, kwa hakika, hakuwa yeyote kati ya hao wawili. Kilichoenea ni vifaa vya kubana na televisheni zenye intaneti ndani yake. Lakini mimi sijaitwa kuamua soko, nimeitwa kuvuka ua.

Jumatano, 10 Januari

Nimenunua seti ya bei nafuu Darajani: kisanduku cha kurushia, kisanduku cha kupokelea na nyaya mbili fupi. Boksi limeandikwa mita 50. Nilipoviweka visanduku vyote viwili chumbani kwa wajukuu, picha ilitoka safi. Nilipima kuchelewa kwake kwa njia ninayoiamini kuliko maandishi ya boksi. Nilifungua saa ya kuhesabu kwenye kompyuta, nikaionesha kwenye televisheni mbili, moja kwa waya na moja bila waya, kisha nikazirekodi zote mbili kwa pamoja kwa simu inayopiga fremu 240 kwa sekunde. Tofauti ilikuwa fremu 29, yaani karibu milisekunde 121. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari hilo si tatizo, kwa sababu sauti na picha zinachelewa pamoja. Kwa wajukuu wanaocheza michezo ya kompyuta lingekuwa tatizo kubwa, lakini wao wana waya wao.

Chumbani kwa ami mambo yalikuwa mengine. Picha ilionekana sekunde nne, ikaganda mtangazaji akiwa amefumba jicho moja, ikaondoka. Nilijaribu mara sita katika sehemu tofauti za chumba, na kila mara matokeo yalikuwa ya namna hiyo. Mita 50 za boksi hupimwa mahali pasipo na kitu katikati, pengine uwanjani. Mimi nina mita 11 na mawe.

Ijumaa, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Nyumba imejaa wageni, hakuna kazi iliyofanyika isipokuwa kupakua programu ya simu inayosoma nguvu ya mawimbi.

Jumapili, 14 Januari

Siku ya leo imenifundisha zaidi ya zote. Nilikiacha kisanduku cha kurushia juu, nikateremka na simu mkononi, nikiandika nguvu ya mawimbi kila mahali niliposimama. Usomaji huu hutolewa kwa desibeli zenye alama ya kutoa, na kila desibeli 10 zinapopungua, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kando ya kisanduku nilisoma -38. Uani, chini kabisa, nilisoma -61. Ndani ya chumba cha ami, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, nyuma ya ule ukuta wa sentimita 58, nilisoma -72. Hadi hapo sikuona ajabu. Ajabu niliiona kwenye ngazi. Nilidhani ukuta mwembamba wa sentimita 41 utakuwa rahisi zaidi kupenya, nikaisogeza seti nzima ili mawimbi yapite upande ule, na simu ikasoma -88 kabla ya kupoteza mawasiliano kabisa. Tofauti ya desibeli 16 ni mara 40. Ukuta mwembamba ulikuwa unazuia mara 40 zaidi ya ule mnene.

Nilirudia kipimo mara tatu nikidhani nimekosea kusoma. Mwishowe niliacha simu nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta wa ua ulitoa sauti ya kufa, kama gunia la mchanga; ukuta wa ngazi ulitoa sauti ya juu na ya ukavu. Karibu na sakafu, mahali lipu ilipoanza kubanduka, niliingiza bisibisi taratibu na nikakuta waya. Bi mkubwa, mke wa ami, alinieleza kisa chake akiwa amesimama na beseni la nguo. Ukuta ule ulianza kumeguka wakati wa mvua za El Nino, mwaka 1998, na fundi aliyeletwa aliupiga lipu ya saruji juu ya wavu wa waya wa banda la kuku ili saruji ishike. Mtu yeyote anayezijua nyumba za chokaa atasikitika kusikia saruji, kwa kuwa inaufungia unyevu ndani ya ukuta. Mimi leo nimesikitika kwa sababu ya wavu.

Maelezo yake ni haya. Mawimbi ya kisanduku hiki, ya gigahezi 5.5, yana urefu wa sentimita 5.5 hivi kutoka kilele hadi kilele. Matundu ya wavu ule yana upana wa sentimita 1.3. Wimbi linapokutana na chuma chenye matundu madogo sana kuliko urefu wake, haliyaoni matundu. Linakiona chuma kama bati zima, na hurudi lilikotoka. Kwa wimbi la Wi-Fi ya gigahezi 2.4, lenye urefu wa sentimita 12.5, wavu huo ni kizuizi kikubwa zaidi, na sasa naelewa kwa nini wageni wanaokaa chumba cha ngazini hulalamikia intaneti. Mawe ya matumbawe, pamoja na unene wake wote, hayana chuma ndani. Yananyonya sehemu ya mawimbi, hasa yakiwa na unyevu, lakini hayayarudishi.

Dirisha la ami linalotazama ua lina nondo za chuma, nami kwa hofu niliyoipata nilikwenda kuzipima papo hapo. Zimepishana kwa sentimita 11, mara mbili ya urefu wa wimbi. Hizo zitapitisha.

Jumatano, 17 Januari

Leo usiku Taifa Stars wanacheza na Morocco huko Côte d'Ivoire, na nilitamani sana ami aione mechi hii kwenye televisheni yake. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi Muscat aliniazima seti ya gigahezi 60 ambayo imekaa kabatini mwake miaka kadhaa. Nilikuwa na hamu ya kuijaribu zaidi kwa udadisi kuliko kwa matumaini.

Wengi wetu tulipofundishwa habari za gigahezi 60 tuliambiwa kwamba hewa yenyewe inayala mawimbi hayo, kwa sababu oksijeni inayanyonya. Ni kweli, lakini ni kweli ya umbali mrefu. Oksijeni inanyonya takriban desibeli 15 katika kilomita nzima, kwa hiyo katika mita zangu 11 haifiki hata robo ya desibeli. Kinachoyamaliza mawimbi haya ndani ya nyumba ni mambo mawili mengine. Kwanza, kwa antena za aina moja, nguvu inayopokelewa hupungua kadiri masafa yanavyopanda kwa kipeo cha pili, na ukilinganisha 60 na 5.5 unapata hasara ya karibu mara 120 hata pasipo na ukuta. Waliotengeneza vifaa hivi walilijua hilo, ndiyo maana wameweka antena ndogondogo nyingi zinazoelekeza mwale upande mmoja. Pili, wimbi lenye urefu wa milimita 5 halina namna ya kuzunguka kitu. Linasimamishwa na ukuta wa mawe, na hata na kiwiliwili cha mtu, karibu kama mwanga wa tochi.

Nilikiweka kisanduku kimoja kwenye roshani ya ndani ya ghorofa ya pili, kikitazama chini, na kingine kwenye kizingiti cha chumba cha ami, mlango ukiwa wazi. Vikaonana. Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona katika nyumba hii, haina kuchelewa wala ukungu. Kisha Bi mkubwa alipita na sinia la chai, na skrini ikawa nyeusi. Alipokwisha kupita, picha ilirudi baada ya sekunde mbili. Akarudi kuchukua vikombe, ikawa nyeusi tena. Mlango ulipofungwa, mawasiliano yalikatika moja kwa moja.

Kichekesho chake ni kwamba wavu wa ngazini, uliowashinda gigahezi 5, ungeyapitisha mawimbi haya vizuri tu, maana matundu ya sentimita 1.3 ni milango mipana kwa wimbi la milimita 5. Yangekwama kwenye jiwe lililo nyuma yake. Ami ameitazama mechi kwenye simu ya mjukuu, na hakuniambia neno.

Jumamosi, 20 Januari

Rafiki yangu anayepiga video za harusi ana seti ya WHDI ya matumizi ya nyumbani, aliyoinunua mkono wa pili. Yeye huitumia ukumbini: wanaume na wanawake wanapokaa sehemu tofauti, picha ya kamera ya upande mmoja inapelekwa kwenye skrini ya upande wa pili bila kulaza waya miguuni mwa wageni. Sasa anazo mpya zaidi, hivyo hii ameniuzia kwa bei ya kirafiki.

Uzuri wa WHDI, na sababu ya mimi kuitafuta, ni namna inavyoupanga mzigo wake. Katika kila pikseli zipo biti nzito na biti nyepesi. Biti nzito zinaamua kama mahali pale ni peusi au peupe, na biti nyepesi zinaamua tofauti ndogo ya rangi ambayo jicho huenda lisiitambue. Kifaa hiki kinazipa biti nzito ulinzi mkubwa angani na kuziacha zile nyepesi na ulinzi mdogo. Kwa hiyo mawimbi yanapodhoofika, picha haigandi wala haikatiki ghafla. Inapata chenga, kama televisheni zetu za zamani za antena, lakini mtu anaendelea kutazama. Kwa maandishi ya watengenezaji, kuchelewa kwake hakufiki milisekunde moja, na umbali wake ni mita 30. Kwa fremu 240 kwa sekunde sikuona tofauti yoyote kati ya televisheni ya waya na isiyo ya waya.

Nilikiweka kisanduku cha kurushia kwenye roshani ya ndani, kimefungwa kwa kamba kwenye ukingo wa mbao, bila msumari hata mmoja. Cha kupokelea kimekaa juu ya kabati, kinatazama dirisha la nondo. Mbao za dirisha zikiwa wazi, picha ni safi kabisa. Zikifungwa, bado ni safi. Mlango ukifungwa na Bi mkubwa akisimama dirishani na sinia, chenga chache zinaonekana sehemu zenye giza za picha na si kwingineko.

Jumapili, 21 Januari

Tanzania na Zambia. Chumbani kwa ami waliingia watu 14, niliwahesabu, na wengine walisimama uani wakichungulia kupitia dirishani, yaani katikati kabisa ya njia ya mawimbi. Hili sikuwa nimelipangia. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yanayanyonya mawimbi ya gigahezi 5 vizuri sana. Muda wote walipokuwa wamekaa, picha ilitulia. Simon Msuva alipofunga dakika ya 11, waliokuwa uani waliruka wote kwa pamoja, na skrini ikajaa chenga kwa muda wa shangwe, kiasi kwamba marudio ya goli tuliyaona kama yamepigwa kwenye mvua ya mchele. Hayakukatika, hata hivyo. Ingekuwa seti ile ya Darajani, tungebaki na mpira ulioganda hewani.

Zambia walisawazisha dakika ya 88. Uani hakuruka mtu, na picha ilikuwa safi kupita kiasi.

Jumamosi, 3 Februari

Kazi za wiki mbili hizi ni ndogondogo, nitaziandika kwa ufupi.

Kigawanyo cha HDMI, kile kinachoipeleka picha moja kwenye televisheni ya juu na kwenye kisanduku cha kurushia, kilinipa skrini nyeusi siku tatu. Sababu ni HDCP, ule ulinzi ambao king'amuzi hutumia kuhakikisha kwamba kila kifaa kilichounganishwa nacho kina ufunguo halali kabla ya kukipa picha. Kigawanyo cha kwanza kilikuwa kinashindwa kujibu kwa niaba ya vifaa viwili kwa pamoja. Nilikibadilisha kwa kingine chenye uwezo huo, na jambo likaisha.

Rimoti ilihitaji subira. Rimoti ya king'amuzi hutumia mwanga usioonekana, unaowaka na kuzima mara 38,000 hivi kwa sekunde, na mwanga huo haupiti hata karatasi nene, seuze jiwe. Kisanduku cha kupokelea kina jicho la kuusoma. Kinaugeuza kuwa mawimbi, kinaurudisha juu, na huko kijitaa kidogo kilichobandikwa mbele ya king'amuzi kinauwasha upya. Kilikataa kufanya kazi mpaka nilipogundua kwamba wajukuu walikuwa wamekibandua kijitaa na kukigeuzia ukutani, kwa kuwa babu yao alikuwa anawabadilishia chaneli. King'amuzi kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja, na hilo hakuna mawimbi yanayoweza kulitatua. Makubaliano yaliyofikiwa mbele ya Bi mkubwa ni kwamba kuanzia saa mbili usiku hadi saa tatu rimoti ya chini ndiyo yenye amri.

Umeme nao nimeuwekea tahadhari. Sisi tuliokaa kizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hatuhitaji kuhimizwa kuweka akiba. Hivi sasa shida si kukatika kwa miezi bali kuyumba kwa sekunde chache, na kila umeme unapoyumba visanduku hivi hutafutana upya kwa karibu nusu dakika. Nimeweka stebilaiza chini, na juu nimeweka betri ndogo inayokihudumia king'amuzi, kigawanyo na kisanduku cha kurushia.

Jumamosi, 20 Aprili

Ami alinipigia simu jana kusema kwamba televisheni imeshikwa na homa. Nilidhani ni masika: mvua zimepiga mfululizo na kuta zimeloa. Nilipima kwanza nikiwa nimefunga kila kitu, kwa kisanduku kilekile cha Darajani nilichopimia Januari. Nyuma ya ukuta wa sentimita 58 nilisoma -77, pungufu ya desibeli 5 kutoka kipimo cha kiangazi, jambo ambalo ukuta uliolowa unaweza kulieleza. Lakini njia yetu haipiti ukutani, inapita dirishani, na dirishani nako nilikuta upungufu mkubwa zaidi.

Nilitoka uani nikatazama juu. Mjukuu mkubwa, kwa nia njema, alikuwa amelaza bati moja kutoka roshani ya ghorofa ya kwanza hadi juu ya dirisha la babu yake, ili maji ya mlizamu yasimrukie ndani. Bati lilikuwa limekatiza katikati ya visanduku viwili kana kwamba limepimwa kwa uzi.

Bati lenyewe halitaondoka kabla mvua hazijakoma, na sina haki ya kuomba liondoke. Nilikifungua kisanduku cha kurushia kutoka kwenye ukingo, nikakisogeza polepole kuelekea kulia huku mjukuu akinipigia kelele kutoka chini kunieleza hali ya picha. Kwenye sentimita 40 bati liliacha kukikinga, na chenga zikaisha. Nimekifunga kwa kamba mpya ya nailoni, kwa sababu ile ya katani ilikuwa imeanza kuoza, na mahali pa zamani nimepawekea alama kwa kalamu ya risasi kwenye mbao, ili kirudishwe hapo bati litakapoondolewa.